Mbio za baiskeli kwenye tope la Dodoma: uchague tairi, breki na gia zipi?

Mvua za Dodoma huanza kati ya mwisho wa Novemba na Desemba, huisha Aprili, na kwa mwaka mzima hujumlisha kama milimita 550 hadi 600. Si nyingi, lakini huja kwa mkupuo: saa moja ya mvua nzito jioni, kisha kesho yake jua kali kuanzia saa tatu asubuhi. Kwa mshindani wa baiskeli ya mlimani jambo hili lina uzito kuliko chapa ya baiskeli yake, kwa sababu tope la mzunguko wa kwanza halifanani na la mzunguko wa nne. Likiwa majimaji, gurudumu hulirusha likaondoka. Likianza kukauka, hung'ang'ania kila linapogusa. Ushauri mwingi kuhusu vifaa vya matope umetoka nchi za baridi, ambako tope hubaki majimaji kutwa nzima. Ukiufuata bila kuupima kwa ardhi ya hapa, utaishia kubeba begani baiskeli yenye matairi mazuri kabisa.

Kwa hiyo tunapolinganisha vifaa hapa, kigezo kimoja kinatangulia vingine: chaguo lipi linaliacha gurudumu liendelee kuzunguka katika saa mbaya kuliko zote. Kushika ardhi, wepesi na raha vinafuata.

Ujue kwanza unakwenda kukanyaga tope gani

Kuzunguka mji, kwenye miteremko ya vilima kama Mlimwa na Imagi, udongo mwingi ni mwekundu wenye mchanga. Maji hupenya haraka, tope huwa jepesi, na saa chache baada ya mvua njia nyingi hupitika. Shida ya hapo ni ukwaruzaji. Chembe za mchanga uliotokana na majabali ya granaiti hula pedi za breki na cheni kama msasa.

Mabondeni ni habari nyingine. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka nyufa kiangazi na kuvimba ukinywa maji, umetanda upande wa Bahi kwenye majaruba ya mpunga, na vipande vyake hukatiza njia katika mabonde mengi ya kanda hii. Mita 50 za mbuga zinatosha kuharibu mbio za kilomita 40. Tairi hunata udongo, udongo hunata majani makavu na kokoto, na mchanganyiko huo hujaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu ligome.

Kuna pia makorongo. Mchanga wa mto wa msimu ukilowa huwa mgumu na hupitika vizuri kuliko ukiwa mkavu, lakini maji yake hubeba chembe zinazoingia moja kwa moja kwenye cheni na habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ukielekea Kondoa utakutana na ardhi nyekundu inayomomonyoka kwa urahisi. Ndiko mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulikoanzia mwaka 1973 kwa sababu ya mmomonyoko huo. Kule kingo za makorongo hukatika ghafla baada ya mvua, na njia uliyoikagua Jumatano yaweza isiwepo Jumamosi.

Kujua una udongo upi, chota kiganja kimoja kikiwa na unyevu na ukiviringishe katikati ya viganja. Ukipata uzi mwembamba kuliko penseli bila kukatika, huo ni mfinyanzi, na maamuzi yako yote yaegemee upande wa mbuga. Ukimeguka kabla hujafika unene wa kidole, mchanga ni mwingi, na hapo una uhuru zaidi. Fanya hivyo katika sehemu zote za chini za njia, si mahali pa kuanzia tu. Wachungaji wanajua mbuga inapokatiza, kwa kuwa ng'ombe wao hukwama hapohapo.

Tairi: jembamba la matope, la wastani au pana

Tairi la matope lina upana wa inchi 1.8 hadi 2.0, na kashata zake, yaani vile vinundu vya juu vinavyoshika ardhi, ni ndefu, zimeachana sana. Tairi la wastani ni inchi 2.2 au 2.25 lenye kashata za kimo cha kati. Tairi pana linaanzia inchi 2.35.

Kwenye mbuga, tairi jembamba linashinda kwa sababu mbili. Kashata zilizoachana haziwezi kushikilia udongo kwa muda mrefu, na wembamba wenyewe unaacha nafasi pande zote. Hiyo ya pili ndiyo kubwa. Tumeona mara nyingi tairi lenye kashata nzuri likifungwa na udongo kwa sababu tu lilikuwa pana kwa fremu ile. Pima kwa alenki, ule ufunguo wa pembe sita: ya milimita 6 ikipita kwa kubana kati ya tairi na fremu, una nafasi ya kutosha barabara kavu tu. Tafuta mahali pote ipite ya milimita 10. Pima sehemu tatu: nyuma ya krenki (mikono inayoshika pedali) ambapo vyuma viwili vya chini vya fremu hukaribiana, juu nyuma chini ya siti, na chini ya daraja la foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Pima gurudumu likiwa linazunguka, maana rimu ikiyumba milimita 3 imekula theluthi ya nafasi yako.

Kasoro za tairi hilo ni za kweli. Juu ya jabali kashata ndefu hulegea na kujikunja kwenye kona, hivyo baiskeli huteleza bila kutoa onyo. Kwenye njia ngumu linakula nguvu. Na kwa kuwa lina hewa kidogo ndani, ukigonga jiwe kwa upepo mdogo rimu inafika chini na kukata tyubu matundu mawili yaliyo sambamba.

Tairi la wastani ndilo chaguo letu kwa udongo mwekundu, na kwa mbio ambazo mbuga ni fupi kiasi cha kubebeka. Linashika vizuri kwenye mchanga uliolowa, linastahimili mawe, na halikuchoshi kwenye vipande vigumu. Epuka yale yenye kashata fupi zilizobanana katikati, yaliyotengenezwa kwa mbio za kiangazi. Hayo hugeuka kipara baada ya mita mia za tope kwa sababu mianya yote imejaa.

Tairi pana lina sifa njema kwenye mchanga mkavu wa Juni. Msimu wa mvua, kwa fremu za kawaida, liache nyumbani.

Njia ikiwa imechanganyika, na hapa karibu kila njia ndefu imechanganyika, weka la 2.2 mbele na la 2.0 nyuma. Foku nyingi zina nafasi kubwa kuliko fremu ya nyuma, kwa hiyo mbele unaweza kumudu upana. Tena gurudumu la mbele likiteleza umeanguka, la nyuma likiteleza mara nyingi unaweza kulirudisha.

Kuhusu upepo: mpanda baiskeli wa kilo 70 hadi 75, tairi la 2.2 lisilo na tyubu, aanze na psi (kipimo cha mgandamizo wa upepo) 20 mbele na 23 nyuma. Mwenye tyubu aongeze psi 7 hivi. Tairi la 2.0 liongezwe psi 3. Kwa kila kilo 5 za uzito zinazozidi au kupungua, badilisha psi 1. Wengi hupunguza mno wakidhani tope linataka tairi laini. Kwenye mbuga ulaini hausaidii kitu, tairi lililolegea hukusanya udongo zaidi, na mawe ya njia hayaondoki kwa sababu mvua imenyesha. Pima kwa geji asubuhi ya mbio kabla jua halijapanda. Kidole gumba hakiwezi kutofautisha psi 20 na 25.

Tyubu au bila tyubu, ukizingatia miiba

Kama Dodoma isingekuwa na mbigili na miiba ya migunga, mjadala huu ungekuwa mfupi. Lakini mvua huisogeza miiba hadi kwenye mikondo ya maji, na njia hufuata mikondo hiyohiyo.

Tairi lisilo na tyubu lenye dawa ya kuziba pancha hujiziba lenyewe kwa miiba mingi, nawe huenda usijue kwamba umechomwa. Linaruhusu upepo mdogo bila hofu ya kukata tyubu. Tairi la kipenyo cha inchi 29 na upana wa 2.2 linataka dawa mililita 90 hadi 120. Kwa joto la hapa dawa hukauka upesi kuliko chupa inavyoahidi, hivyo fungua na uangalie kila baada ya wiki 6 hadi 8, na lazima wiki ya mbio. Tikisa gurudumu karibu na sikio. Usiposikia maji yakicheza, imekwisha.

Ugumu wake uko kwenye kulikalisha tairi. Pampu ya mkono mara nyingi haiwezi. Paka maji ya sabuni kwenye ukingo wa tairi, uende kwenye kompresa ya kituo cha mafuta au kwa fundi wa matairi ya magari. Ukiwa na valvu nyembamba utahitaji kile kichwa kidogo cha shaba cha kuigeuza ilingane na bomba la magari. Nunua viwili, kimoja kikae mfukoni.

Tyubu kwa upande wake inapatikana kila mahali na kila fundi anaijua. Tyubu ya 26 yenye valvu nene utaipata hata kijijini, na kwa dharura hunyooshwa ikaingia kwenye gurudumu la 27.5 au la 29, mradi tundu la valvu kwenye rimu liwe na milimita 8.5. Rimu nyingi za kisasa zina tundu la milimita 6.5, na hapo valvu nene haipiti. Angalia mapema. Kuna pia njia ya kati: tyubu yenye valvu ya kufunguka moyo, unaweka humo dawa mililita 60. Inaziba mbigili vizuri, ila haizibi mkato wa jiwe.

Kwa mbio za zaidi ya saa mbili tunapendekeza kutokuwa na tyubu, huku ukibeba tyubu moja ya akiba. Na hapa watu wengi hukwama. Tairi lililotumika miezi kadhaa bila tyubu limejaa ncha za miiba zilizozibwa na dawa. Siku utakayolazimika kuingiza tyubu, papasa ndani ya tairi zima kwa kitambaa na uing'oe kila ncha. Usipofanya hivyo tyubu itatoboka kabla hujamaliza kujaza upepo. Ni bora kazi hiyo uifanye nyumbani kabla ya mbio kwa koleo, kwenye kivuli na bila haraka. Kwa mbio fupi za mizunguko karibu na mji, tyubu zenye dawa zinatosha.

Breki

Breki za kubana rimu kwenye tope zina udhaifu usio na tiba. Rimu ndiyo inayopita kwenye tope, kwa hiyo kila ukishika unasaga mchanga kati ya raba na alumini. Mbio moja chafu inaweza kumaliza raba zilizokuwa nusu, na misimu miwili ikala ukuta wa rimu mpaka ukawa mwembamba wa hatari. Ukikuta ukuta umebonyea kwa ndani ukiupitishia kidole, rimu hiyo isishindane tena. Vilevile mikono ya breki hukaa hasa pale udongo unapojaa. Ikiwa ndizo ulizo nazo, beba raba za akiba mbele na nyuma na uzilegeze kidogo kuliko kawaida ili tope lipite.

Diski inakaa juu, mbali na tope, na hilo peke yake linatosha kuipendekeza. Swali linabaki la waya au la mafuta.

Breki ya diski ya waya hurekebishwa kwa vidole. Waya wake unauzwa kila mji na fundi wa kawaida anaiweza. Lakini pedi zinapoisha, haijirekebishi yenyewe. Katikati ya mbio utaona kishikio kinakaribia mpini. Zungusha ile skrubu ya waya pale kwenye kishikio nusu mzunguko hadi mzunguko mzima, halafu kile kidude cha kusogeza pedi ya ndani kwenye kaliper, sehemu inayobana diski. Jifunze kufanya hivyo ukiwa na glavu zenye tope. Tatizo la pili ni maji yenye mchanga kuingia ndani ya ala ya waya, ukawa mzito. Ala nzima isiyokatwakatwa kutoka kwenye kishikio hadi kwenye kaliper inasaidia sana.

Breki ya mafuta husogeza pedi zenyewe kadiri zinavyolika, na inataka kidole kimoja tu. Mteremko mrefu wa mawe ukiwa na mikono iliyochoka, tofauti hiyo ni kubwa. Hatari yake ni bomba kukatwa au hewa kuingia, jambo ambalo huwezi kulitibu njiani, na mafundi wenye vifaa vya kutoa hewa ni wachache. Kumbuka pia kwamba mafuta hayachanganywi. Shimano, Tektro na Magura hutumia mafuta ya madini. Breki nyingi za SRAM hutumia ya DOT. Mafuta ya breki ya gari ni DOT, na ukiyatia kwenye breki ya mafuta ya madini yatavimbisha raba zake zote na kuiua.

Hukumu yetu: mafuta kwa aliye na fundi wa uhakika mjini, waya kwa aliye mbali. Lakini aina ya pedi ina uzito karibu sawa na aina ya breki, na wengi hawaiangalii. Pedi za rezini ni laini, hazipigi kelele, zinashika vizuri zikiwa kavu, na kwenye tope la mchanga huisha kwa kasi ya kutisha. Pedi za chuma hudumu muda mrefu zaidi, hupiga kelele zikilowa, na huanza kushika kwa nguvu zikishapata joto. Kwa mvua za hapa weka za chuma. Kabla ya hapo soma maandishi kwenye diski yako: nyingi za bei nafuu ni za rezini pekee, na pedi za chuma huzila. Pedi yenye nyenzo chini ya milimita 1.5 isianze mbio za matope. Pedi mpya zizoeshe kwanza: shika breki mara 20 hadi 30 kutoka mwendo wa kasi hadi karibu kusimama, bila kufunga gurudumu. Pedi ambayo haijazoeshwa ikikutana na mchanga moja kwa moja haitashika vizuri hata mwisho.

Gia: sahani tatu, sahani moja, au gia moja tu

Baiskeli nyingi za mtumba zina sahani tatu mbele, yale magurudumu ya meno yanayozungushwa na pedali, na gia nane nyuma. Nafuu zake: vipuri ni rahisi kupata, cheni ni nene na inavumilia, na gia nyepesi zipo. Sahani ya meno 22 kwa meno 32 nyuma inatoa 0.69, yaani pedali ikizunguka mara moja gurudumu la nyuma huzunguka mara 0.69. Baiskeli ya kisasa yenye sahani moja ya meno 32 na kubwa ya nyuma ya meno 46 inatoa 0.70, yaani kwenye kupanda hazitofautiani. Anayekuambia kwamba unahitaji sahani tatu ili kupanda mlima anazungumzia kaseti (seti za gia za nyuma) za zamani.

Kinachozitofautisha ni tope. Kwenye sahani ndogo, cheni yenye mchanga hukataa kuachia meno. Huviringishwa juu ikabanwa kati ya sahani na fremu, miguu ikasimama palepale. Ukilazimisha, inakunja cheni na kukwaruza fremu. Hutokea zaidi cheni na sahani zikiwa zimelika, au mpya ikiunganishwa na kuukuu. Ukiisikia inaanza kunguruma, acha kukandamiza mara moja, rudisha pedali nyuma robo mzunguko, kisha upande sahani ya kati. Mbali na hilo, kile kinachohamisha cheni mbele kinakaa hasa pale tope la tairi la nyuma linapotua, na kikijaa hakisogei.

Sahani moja haina kihamishi cha mbele, na tatizo la kubana cheni ni dogo sana. Meno yake hupishana manene na membamba ili cheni isitoke, lakini kazi hiyo hufa meno yakijaa mfinyanzi, kwa hiyo mwongozo mdogo wa cheni juu ya sahani ni akili njema. Gharama iko nyuma: kihamishi ni kirefu, kiko chini, na kijiti kikiingia kwenye cheni kinakivuta hadi kwenye spoku. Kile kipande chembamba cha alumini kinachokishikilia kimetengenezwa kivunjike kwanza ili fremu ipone. Kila fremu ina umbo lake, na kipande chake hutakipata dukani siku hiyo. Agiza mapema, kitembee nawe.

Gia moja, kwa mfano meno 32 mbele na 20 nyuma, inaonekana kama adhabu, ila kwenye njia ya mbuga iliyo tambarare inastahili kufikiriwa. Hakuna cha kung'oka, cheni ni fupi na imekaza, na unapobeba ni nyepesi. Kwenye vilima vya Mlimwa itakushusha utembee. Tunaiona inafaa kwa mbio fupi za bondeni tu.

Vyovyote utakavyochagua, ingia kwenye tope ukiwa tayari kwenye gia utakayotokea nayo. Kubadilisha huku unakandamiza kwenye mfinyanzi ndiko kunakokata cheni. Pima uchakavu kwa rula ya inchi: kwenye cheni mpya, pini ya kwanza na ya 25 zimeachana inchi 12 kamili. Zikizidi kwa 1/16 ya inchi, cheni imerefuka asilimia 0.5 na kwa mfumo wa gia 11 au 12 ibadilishwe. Kwa gia 8 unaweza kungoja 0.75, lakini si kwa siku ya mbio.

Oili nayo ina pande mbili. Oili nyepesi ya kiangazi huoshwa na korongo la kwanza. Oili nzito ya mvua hubaki, ila hushika mchanga. Chagua nzito, tone moja kwa kila kiungo, acha saa kadhaa, kisha futa nje mpaka kitambaa kitoke karibu kisafi. Oili chafu ya injini, inayopendwa na mafundi wengi, ina chembe za chuma ndani yake na hubeba mchanga wote wa njia. Ya cherehani haifiki kilomita 10 kwenye maji.

Pedali, foku, madigadi

Pedali bapa zenye pini zinashinda kwa kila mtu ambaye atashuka na kupanda zaidi ya mara chache. Pedali za kunasa kiatu ni bora kwenye kupanda, lakini mfinyanzi hujaa kwenye chuma cha chini ya kiatu na hakinasi tena. Ukizichagua, tafuta zilizo wazi pande zote, na viatu vyenye sehemu ya kufungia njumu mbili mbele.

Foku yenye springi inatosha. Springi ya nyuma huongeza uzito na maungio ya kuoshwa, na kwenye fremu nyingi hupunguza nafasi ya tairi. Njia za hapa hazidai hivyo.

Madigadi yanahitaji maneno zaidi. Yale marefu ya kuzunguka gurudumu ni mtego kamili wa mfinyanzi, yaondoe. Kipande kifupi cha plastiki kilichofungwa kwa zipu-tai chini ya taji la foku ni jambo tofauti, na tunakipendekeza hata kwa anayetaka ushindi. Njia zetu ni njia za ng'ombe na mbuzi, tope lake lina samadi. Mwaka 2007 huko British Columbia, Kanada, washiriki wa mbio za baiskeli za mlimani waliugua kuhara kulikosababishwa na bakteria wa Campylobacter, na uchunguzi ukahusisha ugonjwa huo na tope walilolimeza. Mwaka 2008 ikatokea tena Builth Wells, Wales, kwenye njia zinazopita malisho ya kondoo. Kwa sababu hiyohiyo, chupa ya maji iliyo wazi kwenye fremu isiwe chaguo lako msimu wa mvua. Bora mfuko wa mgongoni wenye mrija, au chupa yenye kifuniko cha kufunika mdomo wote. Ukikosa, tema funda la kwanza.

Kuendesha, kusukuma au kubeba

Kwenye mbuga, kusukuma ndiyo mbaya kuliko zote. Magurudumu yanaendelea kukusanya udongo, nawe huna mwendo wa kuurusha. Ukiona kipande cha mbuga kisichozidi mita 200, na tope linaanza kung'aa bila maji juu yake, shuka kabla hujaingia, beba, tembea kwenye majani ya pembeni. Mita 200 za kubeba ni kama dakika tatu. Kukwangua gurudumu lililogoma huchukua zaidi ya hapo, na mara nyingi kihamishi cha nyuma kimeshapinda. Kama maji yametuama juu na chini ni kugumu, endesha: gia nyepesi, makalio kwenye siti, macho mbali, na usiguse breki ya mbele.

Usiku wa kuamkia mbio, paka mafuta ya alizeti kwa kitambaa chini ya fremu, nyuma ya krenki na ndani ya daraja la foku. Udongo hushindwa kushika kwa mzunguko mmoja au miwili. Vua magurudumu kwanza na uyaweke chumba kingine, kwa kuwa tone moja likifika kwenye diski au pedi, pedi hizo ni za kutupa. Beba kijiti cha mti mgumu cha urefu wa penseli kwa kukwangulia. Kisu hukata tairi.

Fedha ikiwa haitoshi kwa vyote

Mwenye baiskeli ya mtumba ya inchi 26 yenye breki za rimu asiharakishe kununua nyingine. Fremu hizo nyingi zina nafasi nzuri zikifungwa matairi ya 1.9, na hapo unaweza kuwashinda wenye 29 zilizojaa udongo. Anunue matairi kwanza, halafu cheni mpya pamoja na friwili yake (gia za nyuma), kisha raba mbili za akiba.

Mwenye 29 ya kisasa yenye sahani moja, pesa yake iende kwenye tairi la nyuma la 2.0, pedi za chuma kama diski zinaruhusu, dawa mpya ya pancha, na kile kipande cha kushikilia kihamishi. Asibadilishe magurudumu wala foku kabla ya hivyo.

Anayenunua upya apime nafasi ya tairi dukani kwa alenki ya milimita 10 kabla hajauliza idadi ya gia. Muuzaji akisema hajawahi kuona mtu akipima hivyo, endelea kupima.

Mbio zikiisha, osha kabla mbuga haijakauka, kwa ndoo mbili, brashi ya nailoni na maji yasiyo na kasi. Mashine ya kuoshea magari ni haraka lakini husukuma mchanga kupita sili za habu na krenki, na wiki mbili baadaye bearingi zinalia. Kama lazima uitumie, simama mita mbili na usiielekeze kwenye vituo vya magurudumu. Kisha toa pedi, zikague, na utie oili kwenye cheni siku hiyohiyo. Ukiiacha hadi Jumatatu, kutu imeshaingia ndani ya viungo, na oili ya nje haitafika huko.